Yai lililochongoka si la jogoo

Waliokulia shambani wengi walifundishwa hivi: yai lililochongoka hutoa jogoo, la mviringo hutoa mtetea. Si kweli. Jinsia ya kifaranga huamuliwa na mbegu ya mama, kabla hata ganda halijajengwa. Umbo hutengenezwa baadaye, yai likishuka kwenye mrija wa uzazi wa kuku. Ndiyo maana kuku mmoja hutaga mayai yanayofanana na bado huangua majogoo na mitetea.

Hasara ya imani hiyo ni kubwa: mayai mazuri yaliyochongoka huishia kwenye kikaango. Ya kuatamiwa yawe na umri usiozidi siku 7, bila ufa, safi lakini yasiyooshwa, maana maji huondoa utando unaozuia vijidudu. Kuku wa kienyeji humudu 10 hadi 12. Siku ya 7 ya kuatamiwa yamulike kwa tochi gizani: lenye mishipa myekundu mrudishie, lisilo na kitu liondoe.