Thredi ya alumini ikifa: ya kijiweni na ya kweli

Dhana: Nati ya kumwagia oili ikizunguka bure, nunua mpya.

Nati hiyo ni chuma; kreki-kesi ya boda, yaani kasha la injini, ni alumini. Vikigombana, inayoumia ni alumini. Ichomoe uitazame: vile vinyuzi vya kijivu vilivyojisokota kwenye meno yake vimetoka kwenye injini. Mpya nayo utaifunga kwenye tundu lilelile lisilo na meno, yaani lenye thredi iliyokufa. Labda kama ya zamani ilikuwa fupi na meno ya ndani bado mazima. Hapo ndefu kidogo itashika, ila pima kina cha tundu kwanza.

Dhana: Izungushie tepu ya mabomba, haitavuja.

Kinachozuia oili pale ni washa laini ya shaba au alumini chini ya kichwa cha nati. Tepu haishikilii kitu, na vipande vyake huishia kwenye chujio. Nati ikidondoka kati ya Tengeru na Usa River, abiria mgongoni, oili yote inabaki lami.

Dhana: Koili ni kiraka tu, thredi ya kiwandani haina mpinzani.

Hii ndiyo inayowagharimu watu injini bure. Koili ni waya wa chuma cha pua uliosokotwa kama springi, unaowekwa ndani ya tundu kuwa meno mapya. Kwa bolti ya milimita 6, fundi hutanua tundu kwa biti ya 6.3 hivi, hupiga tapu (kifaa cha kukatia meno) maalumu ya koili, kisha huisokota ndani mpaka izame kidogo chini ya uso wa alumini na kuvunja kimkia chake, ile ncha ya kuisokotea. Bolti yako ileile inarudi. Sasa thredi iliyokatwa kwenye alumini ni pana kuliko ya awali, kwa hiyo mzigo unabebwa na eneo kubwa zaidi, na bolti inasuguana na chuma cha pua. Kwenye ndege, sehemu za alumini huwekewa koili zingali mpya kabisa. Kiraka gani hicho?

Inapofeli, mara nyingi biti iliingia upande, au chenga zilibaki ndani. Kwenye tundu la plagi, biti na tapu hupakwa grisi ili zinase chenga, na kile kimkia kikiangukia kwenye silinda, umeanza kazi nyingine.

Dhana: “Kaza mpaka ilie, chalii wangu.”

Bolti za milimita 6 za kava ya injini huhitaji kama Newton mita 10. Kwa spana ya sentimita 10, ni uzito wa kilo 10 mwishoni mwa mpini. Kwa racheti ya sentimita 25, kilo 4 tu. Mkono wa mtu mzima unavuka hapo bila kujua. Plagi nayo usiifungue injini ikiwa ya moto, subiri ipoe.

Dhana: Peleka ikachomelewe.

Kwa kreki-kesi iliyopasuka, sawa, ila kwa gesi ya argoni. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 bila kuwa nyekundu kwanza kama chuma, na fundi wa mageti anaweza kuitoboa kabla hajashtuka. Hata ikichomelewa vizuri, tundu litatobolewa na kupigwa tapu upya.

Kwa thredi iliyokufa tu, muulize fundi kama ana tapu ya koili. Akikuonyesha ya kawaida ya milimita 6, washa boda yako uende kwa mwingine.