Kupunguza Uzito kwa Vijana: Ufafanuzi kwa Wazazi, Walezi na Vijana Wenyewe

Mtihani wa kidato cha nne ukimalizika mwezi Novemba, kliniki za lishe huanza kupata wageni wa aina moja. Binti, mara nyingine mvulana, amekaa nyumbani akisubiri matokeo, simu iko mkononi, harusi za Desemba zinakaribia, naye ameamua kukata mwili kabla ya Krismasi. Analetwa na mama yake akiwa na kizunguzungu, midomo imekauka, tumbo linasokota, na kwenye mkoba kuna pakiti ya chai iliyoagizwa mtandaoni. Malalamiko ya namna hii yanazidi kutufikia, na ndiyo sababu ya ufafanuzi huu. Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya ushauri wa mtoa huduma aliyempima kijana mwenyewe.

Wengi wao huwa wameshajaribu dayati mara kadhaa na kushindwa, nao wanaamini shida ni uvivu au ulafi wao. Kijana anayepiga pasi ndefu, yaani anaruka kifungua kinywa na chakula cha mchana akitegemea mlo mmoja, jioni mwili wake hudai deni lote kwa mkupuo. Anakula sufuria, anajichukia, kesho anajinyima zaidi. Hapo hakuna upungufu wa nidhamu. Njaa ya mwili unaokua haibembelezeki.

Na lile punguzo la wiki ya kwanza linalowafurahisha wengi? Kwa sehemu kubwa ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli kwa umbo la glaikojeni, na kila gramu yake hushikana na takriban gramu tatu za maji. Ukiacha ugali na wali kwa siku chache, akiba hiyo huisha, maji yake hutoka kwa mkojo, mzani unashuka kilo mbili au zaidi. Ukirudi mezani zinarudi. Mafuta ya tumboni yalikuwa palepale muda wote.

Mwaka 2016 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani (AAP) kilitoa mwongozo uliopitia tafiti za vijana waliojinyima chakula ili wapungue. Walionekana kuwa katika hatari kubwa zaidi ya kunenepa baadaye na ya kupata maradhi ya ulaji, kuliko wenzao waliokula kawaida. Mwongozo huo uliwataka wazazi waache mazungumzo ya uzito na kejeli za mwili nyumbani, na badala yake familia ile pamoja mara nyingi iwezekanavyo. Kwetu kejeli hiyo ina ukumbi wake maalumu: sherehe. Shangazi hajakuona miezi sita, salamu yake ya kwanza ni "mbona umekuwa bonge hivyo?", na wote wanacheka. Tunawaomba mashangazi, kwa heshima zote, watafute salamu nyingine.

Sasa vipimo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapojipotosha zaidi. Ile chati ya watu wazima inayosema uwiano wa uzito na urefu (BMI) wa 25 ni uzito uliozidi haitumiki kwa mtoto wa miaka 14. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 viwango vya ukuaji vya umri wa miaka 5 hadi 19, vya wasichana peke yake na wavulana peke yake. Utaratibu ni huu. Kijana anavua viatu, koti, mkanda na vitu vya mfukoni. Urefu unapimwa akiwa amesimama wima, visigino vimegusa ubao, anatazama mbele, na kama amesuka rasta ndefu juu ya kichwa tutamwomba azisogeze. Uzito unapimwa kwa mzani uliokaguliwa. Uzito kwa kilo unagawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, kisha jibu linasomwa kwenye grafu ya umri na jinsi yake, kwa miaka na miezi. Kwa hiyo tarehe ya kuzaliwa ni lazima. "Kazaliwa mwaka ule wa mafuriko" haitoshi. Leta cheti au kadi ya kliniki.

Chukua binti wa miaka 15, urefu sentimita 155, kilo 52. Uwiano wake ni takriban 21.6. Kwa msichana wa umri huo uzito uliozidi unaanza baada ya 23.5 na unene wa kupindukia baada ya 28.2. Binti huyu hana tatizo la uzito hata kidogo, ila ana marafiki wembamba na simu yenye programu ya kurekebisha picha. Wa namna hii ni wengi kliniki. Kubalehe humwongezea msichana mafuta ya nyonga na mapaja. Ndivyo mwili unavyojiandaa, na hata hedhi huhitaji kiasi fulani cha mafuta hayo. Kumpunguza binti huyu kilo kumi ni kumtengenezea ugonjwa.

Mfano wa pili, mvulana wa miaka 13, sentimita 155, kilo 58. Uwiano wake ni 24.1, na kwa mvulana wa umri huo mstari wa uzito uliozidi ni 20.8. Huyu kweli amezidi. Mzazi anauliza apunguzwe kilo ngapi, nasi mara nyingi tunajibu kwamba hata moja si lazima. Baada ya mwaka mmoja na nusu anaweza kurefuka hadi sentimita 165. Akibaki na kilo zilezile 58, uwiano wake utakuwa 21.3, na atakuwa ameingia ndani ya mstari bila kulala njaa siku moja. Kwa kijana ambaye bado anarefuka, kuzuia ongezeko ni tiba kamili. Wale ambao urefu umeshasimama, au uzito umezidi sana, hupangiwa kupungua taratibu chini ya uangalizi, na mpango huo huandikwa na mtaalamu aliyewaona. Hautolewi kwa simu. Tafadhali msitupigie mkitaka orodha ya vyakula.

Chakula chenyewe hakina siri, ila kinaanzia kwa anayepika. Haifai kijana mmoja apikiwe kabichi ya kuchemsha huku wenzake wanakula chipsi mayai meza hiyohiyo. Hatafika Jumapili. Kinachobadilika ni sufuria ya nyumba nzima: mafuta yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye dumu, maandazi ya kila asubuhi yapishane na viazi vitamu, magimbi au mihogo ya kuchemsha, na mboga za majani, yawe matembele, mchicha au mnafu, zijaze karibu nusu ya sahani. Ugali ubaki. Ukiweza upate wa dona, kwa sababu nyuzinyuzi zake hushibisha kwa muda mrefu kuliko sembe. Maharage, kunde, choroko, yai, samaki, vyote hivi vinahitajika, na dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao ni chanzo kizuri cha madini ya chokaa, ambayo kijana anayahitaji kuliko mtu mzima: miligramu 1,300 kwa siku kwa wenye miaka 9 hadi 18. Wasichana wana deni jingine, la madini ya chuma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania wana upungufu wa damu. Binti anayeanza hedhi akijinyima nyama, dagaa na maharage ili awe mwembamba, anajiweka moja kwa moja kwenye kundi hilo.

Sukari ya kunywa ndiyo ya kushughulikia kwanza. Soda moja ya mililita 350 hubeba takriban gramu 37 za sukari, sawa na vijiko tisa vya chai, na haishibishi. Juisi ya miwa na vinywaji vya kuongeza nguvu haviko mbali. Ongeza chai ya asubuhi yenye vijiko vinne na ya jioni yenye vinne. Tumeona vijana ambao hatukubadilisha chochote kwenye sahani zao. Tuliondoa vikombe tu.

Usingizi, jumla ya saa nane hadi kumi kwa usiku mmoja. Simu ikae chumba kingine.

Mazoezi ni wastani wa dakika 60 kwa siku, na si lazima jimu. Rede, kuruka kamba, netiboli, chandimu, kutembea kwenda shule, kuchota maji, yote yanahesabika. Tunajua wasichana wengi wa mjini hawana uwanja salama na wazazi hawapendi watoke jioni. Wacheze ndani ya ua, mziki ufunguliwe, wadogo zao wajumuike. Kukimbia mkiwa mmevaa mfuko wa plastiki tumboni ili "mafuta yatoke na jasho" ni bure. Jasho ni maji na chumvi.

Kwa mara nyingine tena, kwa sababu swali la vinywaji vya kuyeyusha mafuta halikomi: limao kwenye maji ya moto haliyeyushi mafuta. Tangawizi haiyeyushi. Siki ya tufaha haiyeyushi, ila kwa kunywewa kila siku bila kuchanganywa na maji inaharibu meno na kuunguza koo.

Tuje kwenye chai na vidonge. Nyingi ya chai hizi zina sanamaki, dawa ya kuharisha ambayo wazee wetu wanaijua vizuri na huitumia kwa kiasi. Dawa za kuharisha hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na madini, potasiamu ikiwemo, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika. Nyingine huwa na kitu kibaya zaidi kisichoandikwa kwenye pakiti. Sibutramini, dawa ya kuzuia hamu ya kula, iliondolewa kwenye masoko ya Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya shambulio la moyo na kiharusi, lakini maabara za mamlaka za nchi mbalimbali zimeendelea kuikuta imefichwa kwenye kahawa, chai na vidonge vinavyoitwa vya "asili asilimia mia". Inashangaza, tena inachosha, kwamba muuzaji huyohuyo kwenye ukurasa huohuo anauza pia vidonge vya kunenepesha makalio.

Upande wa sheria unawachanganya wengi, kwa hiyo tueleze kwa kirefu. Tangu Julai 2019 chakula na vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na dawa pamoja na vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), kwa Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219. Tiba asili ina baraza lake, lililoanzishwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 2002. Muuzaji mjanja huruka kati ya hizo tatu: akiulizwa na wa dawa anasema ni majani ya chai, akiulizwa na wa chakula anasema ni dawa ya asili. Isimsumbue mwananchi kuamua ni ya nani. Peleka taarifa kokote kati ya hapo, au kwa afisa afya wa halmashauri yako, nasi tutaielekeza.

Taarifa ikipokelewa, wakaguzi hufika kwenye eneo, hujitambulisha kwa vitambulisho, hukagua vibali na usajili, bidhaa husika huorodheshwa kwenye fomu ya ukamataji na nakala huachiwa mwenye mali. Sampuli hupelekwa maabara. Bidhaa ikithibitika haijasajiliwa au haifai, huteketezwa kwa gharama ya mwenyewe. Anayefikishwa mahakamani na kutiwa hatiani hukabiliwa na faini, kifungo, au vyote viwili. "Mimi ni wakala tu, bosi yuko nje" si utetezi. Anayeuza kwa simu kutoka chumbani kwake anahesabiwa muuzaji kama mwenye duka. Wanafunzi wanaopewa pakiti kumi kumi wauzie wenzao bwenini wajue hilo, na walimu wa malezi pia.

Ushahidi tunaoomba ni pakiti yenyewe hata ikiwa tupu, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, picha ya tangazo kabla halijafutwa, na ujumbe wa malipo ya simu. Kama kijana ameshaugua, mweleze mhudumu wa afya ukweli wote ili ajaze fomu ya taarifa ya madhara ya dawa. Fomu hiyo haimshtaki mgonjwa. Wazazi wengi huficha chai na kusema mtoto kala samaki mbovu. Tunapoteza saa mbili tukitafuta sumu ya samaki.

Kuna sindano mpya za kupunguza uzito ambazo vijana wanaziona mtandaoni. Semaglutaidi iliruhusiwa Marekani mwishoni mwa 2022 kwa wenye miaka 12 na kuendelea, lakini kwa unene wa kupindukia, kwa cheti cha daktari, ikiambatana na mabadiliko ya ulaji. Haihusiki na kutaka kuvaa gauni la mahafali.

Mlete kijana kituoni mapema ukiona weusi mzito shingoni au kwapani usiotoka. Msiusugue kwa dodoki na ndimu. Si uchafu, ni dalili kwamba mwili unashindwa kuitumia insulini ipasavyo. Mlete akikoroma na kukatika pumzi usingizini, akinywa maji na kukojoa kupita kawaida, au akichechemea na kulalamikia nyonga au goti. Hilo la kuchechemea kwa kijana mnene halisubiri wiki ijayo, kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kinateleza kutoka mahali pake. Mlete pia akipungua haraka, hedhi ikikosekana miezi mitatu, akikimbilia chooni kila baada ya kula, akificha chakula au akijitapisha. Huyu wa mwisho anahitaji daktari wa akili pamoja na afisa lishe, na kumgombeza hakusaidii.

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Barua ya rufaa hutolewa huko inapohitajika, na ukija hospitali ya rufaa bila barua utasubiri foleni ya wasio na rufaa. Aliye chini ya miaka 18 afuatane na mzazi au mlezi, ingawa sehemu ya mazungumzo tutamwomba mzazi asubiri nje. Leta cheti cha kuzaliwa, kadi ya bima kama ipo, na karatasi yenye alichokula na kunywa kijana siku tatu zilizopita, kiandikwe na kijana mwenyewe, soda na kashata za mapumziko zikiwemo. Asianze kujinyima wiki ya kuja kliniki ili mzani umpendelee, maana tutampangia tiba ya mtu ambaye si yeye.