Mraba mtupu kwenye ramani hausemi kwamba ndege hawapo

"Mtaani kwetu hakuna ndege, ni kunguru tu." Kauli hii utaisikia sana Nairobi, na siku hizi kuna wanaoithibitisha kwa ramani: msitu wa Karura una rekodi tele, kwao haba. Wanaisoma vibaya.

Kenya Bird Map, mradi wa kurekodi ndege kwenye ramani, umegawa nchi katika miraba ya takriban kilomita 9 kila upande. Mtu wa kujitolea huingia mraba mmoja, akatafuta ndege kwa saa mbili au zaidi na kuandika orodha ya kila spishi kwa mfuatano alivyoiona. Mraba usiotembelewa hubaki mtupu hata kama bundi wamejaa. Na wapenda ndege, tuseme ukweli, hupenda kwenda penye kivuli na usalama.

Ndiyo maana watafiti huuliza kwanza mraba una orodha ngapi. Spishi ikionekana katika orodha 3 kati ya 10, kiwango chake cha kuonekana ni asilimia 30. Orodha ikiwa moja tu, kukosekana kwake hakuthibitishi lolote: huenda alikuwepo kimya kichakani.

Wingi nao hudanganya. Korongo marabu waliojaa juu ya migunga karibu na uwanja wa Nyayo hawajakuta chakula pale barabarani. Wamepata miti mirefu ya kujengea viota. Chakula wanakifuata majalalani na machinjioni. Ukiwahesabu mtini pekee utadhani barabara yenye magari ndiyo makazi wanayoyapenda. Mtafiti atawafuata hadi wanakokula, kisha ahesabu makinda yanayofikia kuruka.