Kwa nini rekodi ya Coventry haikumpa dhahabu ya mita 100 chali

Kila nikianza kufundisha watoto kuogelea chali, swali la kwanza huwa lile lile: "Kocha, ukuta nitauonaje?" Huuoni. Unaona paa la bwawa au mawingu, basi. Mita 5 kabla ya ukuta kuna kamba ya vibendera juu ya maji. Ukivipita, hesabu mikono inavyozunguka. Kuna anayehesabu sita, kuna wa saba, na kuna aliyekosea hesabu juzi akarudi kwao na nundu utosini.

Wakishazoea, nawaonyesha mbio za Kirsty Coventry wa Zimbabwe kwenye Olimpiki ya Beijing, 2008. Siku hizi watu wanamjua kama rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mimi bado namwona kaning'inia kwenye vishikio, miguu ukutani, akingoja king'ora.

Katika nusu fainali ya mita 100 alivunja rekodi ya dunia kwa sekunde 58.77. Kwenye fainali akapata 59.19, akawa wa pili nyuma ya Mmarekani Natalie Coughlin aliyemaliza kwa 58.96. Yaani angerudia tu alichofanya kwenye nusu fainali, dhahabu ilikuwa yake. Na haikuwa mara ya kwanza: Athens 2004, Coughlin alimtangulia kwa 1:00.37 dhidi ya 1:00.50.

Wengi husema ni presha. Inawezekana, lakini mimi huanza kutazama maji kabla ya kutazama moyo. Mwogeleaji wa chali anaruhusiwa kukaa chini ya maji hadi mita 15 baada ya kuanza, na mita 15 nyingine baada ya kugeuka. Kwa hiyo katika mita 100, hadi 30 zinaweza kuogelewa bila mkono hata mmoja kuzunguka. Mikono imenyooshwa juu ya kichwa, kiganja juu ya kiganja, kiuno kinapiga mateke ya pomboo, miguu yote miwili kwa pamoja. Chini kule hakuna mawimbi ya kukurudisha nyuma, na ule mwendo uliosukumwa ukutani bado unao. Kwa mateke hayo Coughlin alikuwa hatari. Mpinzani wako akikutangulia kuibuka, unabaki kumfukuza mtu ambaye huwezi hata kumtazama vizuri.

Ila pumzi hulipwa. Wanafunzi wangu wakiiga mateke kumi, wanaibuka wamekwisha, mikono mizito kama wamebeba ndoo. Nawaambia manne yanatosha, hawanisikii.

Mita 200 ni hesabu nyingine. Kuna kugeuka mara tatu, na kila ukuta unadai pumzi ambayo mapaja nayo yanaitaka. Hapo ndipo mkono mrefu, usiobadilika mdundo, unapolipa. Coventry aliingia fainali ile akiwa na medali tatu za fedha za Beijing shingoni, na akashinda kwa 2:05.24, rekodi ya dunia. Margaret Hoelzer wa Marekani alifika sekunde 0.99 baadaye. Ni kweli, Coughlin hakushiriki mita 200. Lakini mwaka uliofuata, Roma, Coventry aliishusha tena rekodi hiyo hadi 2:04.81.

Video hiyo ya Beijing huwa naisimamisha kwenye ukuta wa tatu, halafu nawaambia watoto wahesabu mikono yake kutoka kwenye vibendera.