Kabla hujanunua pampu ya maziwa, niambie siku yako inakwendaje

Wiki haipiti bila mama kunionyesha picha kwenye simu: "Sista, pampu hii ni nzuri?" Mimi ni muuguzi mkunga hapa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwasaidia kina mama kunyonyesha. Swali hilo siwezi kulijibu kwa kutazama picha. Humuuliza kwanza: unatoka nyumbani saa ngapi, unarudi saa ngapi, mtoto anabaki na nani, na huko unakoshinda kuna mlango wa kufunga? Majibu yake ndiyo yanayochagua njia.

Titi hutengeneza maziwa kadiri yanavyotolewa. Likikaa limejaa saa nyingi, mwili huona hayahitajiki, ukapunguza. Ndiyo maana njia inayokufaa ni ile utakayoimudu kila siku, kila baada ya saa 3 hivi ukiwa mbali na mtoto, hata siku umeme umekatika. Mama aliyeajiriwa hapa Tanzania ana siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mtoto anapaswa kupewa maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, na siku 84 hazifiki hata miezi 3. Hicho kipande kinachobaki ndicho kinachoninyima usingizi, kwa sababu hapo ndipo kopo la maziwa na uji wa mapema huingia.

Kila mama ninayemhudumia namfundisha kwanza kukamua kwa mkono, hata yule mwenye mashine tayari. Nawa mikono kwa sabuni, chukua bakuli au kikombe chenye mdomo mpana kilichooshwa vizuri kwa maji ya moto. Kanda titi taratibu. Weka kidole gumba juu na cha shahada chini, sentimita 2 au 3 kutoka kwenye chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, binya, achia. Sukuma, binya, achia. Vidole visiteleze kwenye ngozi, wala usiivute chuchu. Kuivuta hakutoi maziwa, kunaleta vidonda. Mwanzoni huenda lisitoke hata tone. Endelea, maziwa hayashuki papo hapo. Yakipungua, hamisha vidole upande mwingine wa titi, kisha nenda titi la pili. Kwa jumla ni dakika 20 hadi 30, na haipaswi kuuma. Ikiuma, mwonyeshe mkunga jinsi unavyoshika.

Siku za mwanzo baada ya kujifungua mkono hauna mpinzani. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza kabisa, ni kidogo na nzito, kwenye mashine huishia kunata kwenye plastiki, wakati mtoto njiti aliyelazwa anahitaji kila tone.

Nilimhudumia mama mmoja anayeuza samaki kwenye soko la Feri. Anatoka alfajiri, anarudi mchana, hana friji wala soketi. Mashine ingemfaa nini? Tulikubaliana anyonyeshe kabla ya kutoka, akamue kikombe kimoja cha kumwachia bibi wa mtoto, na kule sokoni ajifunike kanga, akamue kidogo ili titi lisijae. Ya sokoni aliyamwaga, na mara ya kwanza aliyamwaga akilia. Nilimweleza kwamba hayakupotea bure: kwa kuyatoa alikuwa ameyalinda ya kesho.

Pampu ya mkono, ile yenye mpini wa kubinya, inamtosha anayekosa kunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, kama mwalimu anayemaliza vipindi mapema. Haitaki umeme na inaingia kwenye mkoba. Ukiitegemea mara nne kwa siku, kiganja kitachoka. Ila ile yenye puto la mpira siipendekezi hata kidogo. Maziwa huingia ndani ya puto, husafishi ukamaliza, na huwezi kupima nguvu ya mvuto wake.

Pampu ya umeme namshauri mama anayeshinda kazini siku 5 au 6 kwa wiki, anayefanya zamu za usiku, au ambaye mtoto wake hawezi kunyonya kabisa. Inayokamua matiti yote mawili kwa pamoja hukuokolea nusu ya muda. Chagua yenye betri. Tazama pia ile koni inayovalishwa kwenye titi: chuchu ikisuguana na kuta zake, ni ndogo, weusi unaoizunguka chuchu ukivutwa ndani kwa wingi, ni kubwa. Wengi hufungulia nguvu hadi mwisho wakidhani watapata zaidi, kumbe maumivu huzuia maziwa kushuka. Mashine ya mtumba iachie dukani, kwa sababu katika nyingi maziwa yanaweza kufika kwenye mota, mahali ambapo sabuni haifiki.

Mashine na mkono vinaweza kwenda pamoja. Mwaka 2009 daktari wa watoto Jane Morton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu kina mama wa watoto njiti. Walioanza mapema kukamua kwa mkono, na kulikanda titi huku mashine ikifanya kazi, walipata maziwa mengi zaidi. Nami nawaambia wangu: mashine ikinyamaza, malizia kwa mkono dakika chache.

Na tafadhali, mama, usijipime kwa chupa. Mililita 40 kwenye chupa hazina maana kwamba una mililita 40 tu. Mtoto anajua kuyatoa maziwa kuliko mashine yoyote. Mtoto wa kati ya mwezi 1 na miezi 6 hunywa takriban mililita 750 kwa siku nzima, kwa hiyo ukiwa mbali kwa muda wa saa 9 anahitaji kama 300, na hizo huzikusanya kidogo kidogo.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Chumba cha bati mwezi Februari kinapita hapo mapema sana, kwa hiyo kama ofisini hakuna friji, beba kiboksi chenye vipande vya barafu; humo yatakaa hadi saa 24. Kwenye friji ni siku 4. Mwelekeze dada anayebaki na mtoto ampe kwa kikombe kidogo, ampe polepole, na alichobakiza kisirudishwe kwenye friji.

Anza mazoezi wiki 2 kabla ya kurudi kazini, asubuhi baada ya mtoto kunyonya, wakati matiti mengi huwa na maziwa ya kutosha. Wiki hizohizo zungumza na mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mama kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi hadi saa 2 kwa siku. Mwambie mapema utazitumia lini, na kama nyumbani ni mbali, ulizia chumba chenye kitasa kinachofunga.