Mathari, Mirembe na yale tuliyoaminishwa

Nairobi mtu akikutukana anakwambia umetoroka Mathari, Tanzania wanasema upelekwe Mirembe, watu wanacheka maisha yanaendelea. Lakini kuna mambo mengi yanasemwa kuhusu hizi hospitali za serikali za wagonjwa wa akili ambayo si kweli, na mengine yanaumiza watu mpaka leo.

Kwanza hili la kwamba mkoloni alijenga Mathari ili atibu watu. Jamani, hapana. Ilifunguliwa 1910 mahali palipokuwa panatengewa wagonjwa wa ndui, na ilikuwa inaitwa jumba la vichaa waziwazi hivyo, jina la Mathari lilikuja 1924. Dawa zenyewe za kutuliza ugonjwa mkali wa akili hazikuwepo popote duniani, ya kwanza, klopromazini, madaktari wa Paris walianza kuwapa wagonjwa wao 1952, sasa piga hesabu hapo katikati watu walikuwa wanafanyiwa nini. Wengi ni kufungiwa tu. Na waliofika huko wengi hawakuletwa kutafuta tiba, walipitia kwa polisi, kwa chifu, kwa hakimu au walitolewa jela, yaani yule anayerandaranda mjini, anayepiga kelele usiku, aliyemshambulia mtu au kuchoma nyumba. Kazi ilikuwa kuondoa fujo barabarani. Wodi zenyewe ziligawanywa kwa rangi, Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake, na huko kwa Mwafrika ndiko kulikofurika.

Hilo la polisi ulishike vizuri maana ndilo linaeleza uongo mkubwa kuliko wote, ule wa "depresheni ni ugonjwa wa Wazungu, sisi Waafrika hatuna".

Watu wanadhani hayo ni maneno ya wazee wetu. Sijui ya wazee gani, maana yaliandikwa na daktari wa kikoloni, J. C. Carothers, aliyesimamia Mathari kuanzia 1938 mpaka 1950, na alipokabidhiwa hospitali alikuwa daktari wa kawaida tu wa serikali, hajasomea magonjwa ya akili. Aliangalia wagonjwa wake pale wodini akaona wenye sonona, yaani hiyo depresheni, ni wachache sana, akahitimisha kwamba Mwafrika kwa maumbile yake hapati sonona. 1951 akaenda mbali zaidi, akaandika kwamba Mwafrika mzima wa afya anafanana na Mzungu aliyefanyiwa operesheni ya kukata sehemu ya mbele ya ubongo! Na badala ya kupingwa, 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu, halafu 1954 serikali ya Kenya ikamtumia kueleza Mau Mau kama tatizo la akili za Wakikuyu, wakati watu walikuwa wanadai ardhi yao.

Sasa jiulize, mama ambaye halali, chakula hakipiti, analia kimyakimya na shamba limemshinda, chifu gani atamkamata ampeleke Mathari? Hasumbui mtu. Anabaki nyumbani na ugonjwa wake. Carothers alihesabu walioletwa na askari akadhani amehesabu Afrika nzima. Watafiti John Orley na John Wing walipoenda vijijini Uganda kuuliza watu majumbani mwao, wakachapisha 1979, walikuta sonona kule ni nyingi kuliko kwa wanawake wa kusini mwa London waliolinganishwa nao. Huwa nakasirika nikisikia kijana anaambiwa "wewe si Mzungu, jikaze" maana anayesema hivyo anarudia maneno ya mkoloni bila kujua.

Upande wa Tanzania, wengi wanadhani Mirembe ndiyo ya kwanza. Mirembe ni ya miaka ya 1920, wakati wa Mwingereza. Kabla yake, enzi za Mjerumani, wamisheni walikuwa na kituo cha Lutindi kule milima ya Usambara, na walianza na watoto waliokombolewa utumwani kabla ya kugeukia wagonjwa wa akili.

Kuna pia "ukiingia Mirembe hutoki". Baada ya uhuru Tanzania ilianzisha vijiji maalum ambako wagonjwa waliishi, wakalima, na ndugu zao wakiwa karibu, kwa sababu lengo lilikuwa mtu arudi kwake. Mimi naona lilikuwa wazo zuri kuliko mengi tuliyoletewa na wageni.

La mwisho, wanasema Mirembe ni ya wauaji. Hapo watu wanachanganya na Isanga, palepale Dodoma, inayopokea walioletwa na mahakama kwa kesi za jinai. Dada yako aliyejifungua akachanganyikiwa akalazwa wodi ya kawaida mpaka akapata nafuu hana uhusiano wowote na Isanga, na akirudi mtaani hakuna sababu ya kumficha watoto.