Trastilaini si muhuri wa ubora

Trastilaini (trust line, yaani mstari wa imani) kwenye XRP Ledger, mtandao wa blockchain wenye sarafu ya XRP, ni kumbukumbu ndani ya leja, daftari la pamoja la mtandao huo, inayounganisha akaunti mbili kwa tokeni moja. Inaonyesha salio lililopo kati yao na kikomo ambacho mpokeaji amekubali kushika. XRP yenyewe haiihitaji. Zinazoihitaji ni tokeni za kawaida ambazo watu na kampuni hutoa juu ya mtandao huo.

Tatizo ni sentensi inayorudiwa kila tokeni mpya inapotangazwa: "Ina trastilaini nyingi, maana yake mtandao umeshaithibitisha." Mtandao haujathibitisha chochote. Imani inayotajwa kwenye jina hilo ni ya mtu mmoja tu, yaani wewe uliyeifungua, na anayeaminiwa ni mtoaji wa tokeni. Leja inaandika tu.

Asili ya jina inaliweka wazi jambo hili. Mwaka 2004 Ryan Fugger wa Canada alianzisha RipplePay, mfumo ambao watu wanaofahamiana waliandikishana kiwango cha deni ambacho kila mmoja yuko tayari kumvumilia mwenzake. Malipo yalipita kutoka mtu hadi mtu kwa kufuata viwango hivyo. XRP Ledger ilipoanza mwaka 2012 iliurithi mpango huo, na hadi leo trastilaini inafanya kazi kama daftari la madeni la dukani. Mwenye duka ndiye anayeamua fulani akopeshwe mpaka shilingi ngapi. Hapa mwenye duka ni wewe unayeshika tokeni, na mdaiwa ni mtoaji. Wengi huelewa kinyume, ndiyo maana wengine huogopa kwamba kufungua trastilaini kunampa mtoaji ruhusa ya kuchota XRP zao. Hakumpi.

Ushahidi unauona mwenyewe. Tuma kwa seva ya mtandao ombi la account_lines, linaloorodhesha trastilaini za akaunti, ukitaja anwani ya mtoaji: masalio yanarudi na alama ya kutoa, kwa sababu kwake ni madeni. Tuma ombi hilohilo ukitaja anwani ya mwenye tokeni, nambari ileile inarudi bila alama hiyo.

Kwa hiyo jina la tokeni peke yake halikwambii kitu. Msimbo wa herufi tatu uko wazi kwa kila mtu. Yeyote anaweza leo kutoa tokeni na kuiita TZS, na Benki Kuu ya Tanzania isijue. Tokeni mbili zenye msimbo mmoja lakini watoaji tofauti ni madai mawili tofauti kabisa, kwa hiyo muamala wa TrustSet, unaofungua au kubadili trastilaini, unadai vitu vitatu: msimbo, anwani ya mtoaji na kikomo.

Kikomo nacho hueleweka nusu. Kinamzuia mtoaji kukutumia zaidi ya hapo kwa malipo ya moja kwa moja. Hakikuzuii wewe kununua zaidi kwa oda yako kwenye soko la ndani ya leja. Ukikishusha hadi sifuri huku salio lipo, trastilaini inabaki. Itafutika salio nalo likifika sifuri na mipangilio ya pande zote mbili ikiwa ya kawaida.

Kwa wanaojenga, mpangilio wa hatua ndio unaoumiza. Jaribuni kwanza kwenye Testnet, mtandao wa majaribio, kwa maktaba za xrpl.js au xrpl-py. Mtoaji anaanza na AccountSet, muamala wa kubadili mipangilio ya akaunti, ili kuwasha Default Ripple, mpangilio nambari 8 unaoruhusu tokeni kupita kati ya wateja. Akiisahau, ataweza kutuma tokeni kwa wateja, lakini wateja wakitumiana wenyewe watapata kosa la tecPATH_DRY, yaani malipo yamekosa njia ya kupita. Akiiwasha baadaye, trastilaini za zamani hazijirekebishi: itabidi aziguse moja moja kwa TrustSet yenye tfClearNoRipple, alama inayoondoa kizuizi hicho. Kosa hilohilo la tecPATH_DRY hutokea pia mpokeaji asipokuwa na trastilaini kabisa, basi kagueni yote mawili kabla ya kulaumu maktaba. Akitaka uwezo wa kurudisha tokeni kwa nguvu (clawback), mpangilio nambari 16, lazima auwashe akaunti ikiwa bado haina trastilaini hata moja. Uwezo huo ukishawashwa hauzimiki.

Tangu Desemba 2024 kila trastilaini inazuia akiba ya XRP 0.2 kwenye akaunti ya aliyeifungua, ingawa akaunti isiyo na vitu vingine inasamehewa kwa mbili za kwanza. Akiba hiyo si ada wala hailipwi kwa mtoaji, na trastilaini ikifutwa inaachiliwa.

Basi mwenzako akisema tokeni imethibitishwa kwa sababu ina trastilaini, mwambie polepole kwamba watu kadhaa wamekubali kumdai mtoaji huyo. Kisha muombe anwani ya mtoaji, muitazame pamoja kwa ombi la account_info, linaloonyesha mipangilio ya akaunti: je, anaweza kugandisha masalio, na je, anaweza kuyarudisha kwake?